Soko la Vivuli Lilivyosomwa Dunguni

Iringa, 20 Aprili 2025

Shangazi Mwamini, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimejitanda khanga mbili juu ya sweta. Baridi ya huku imewahi mwaka huu, na Ismaily anasema mke aliyezaliwa Mahege hataizoea hata akizeekea hapa. Yeye hajambo na anakusalimu. Mwanetu Salama ameng'oka meno mawili ya mbele na amekataa kucheka mbele ya watu mpaka yaote mengine, jambo linalotupa kazi ya kumchekesha kutwa. Nieleze hali ya mguu wa Mjomba Sharifu, na kama mpunga wa bondeni umenusurika na maji.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niiache simu. Simu hunifanya nikubali mambo upesi, na hili sitaki kulikubali wala kulikataa upesi. Mswada wa riwaya yangu ya fantasia umesomwa na Bwana Haidari, mhariri wa kampuni moja ya uchapishaji huko Dar es Salaam. Ameupenda kama mtu anavyoipenda nyumba anayotaka kuibomoa ukuta. Unaijua hadithi yenyewe kwa juu juu: mji wa Kirimba, ambao nyumba zake zina miguu na huhama kila maji yanapojaa, na msichana Amal anayekwenda kuutafuta ulikohamia. Njiani anapita katika soko la vivuli, ambako watu hununua na kuuza vivuli vyao. Soko hilo nimelieleza kwa kurasa kumi na moja. Bwana Haidari anataka ubaki ukurasa mmoja. Pembeni ameandika kwamba msomaji ameingia sokoni kijana na ametoka mzee.

Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikaanza kufikiri. Nikiandika "Kibiti", msomaji mwenyewe ataleta stendi, wauza korosho na mabasi ya kusini. Mimi sina haja ya kumbebea. Nikiandika "Kirimba", hana cha kuleta. Mahali pa kubuni hapana hata jiwe ambalo mwandishi hakuliweka. Kwa hiyo maelezo katika fantasia si pambo, ni ardhi ya kukanyaga. Hivyo ndivyo ninavyoamini siku za Jumatatu. Ikifika Alhamisi najiuliza kama msomaji hana uwezo wa kujaza mwenyewe, na kama mimi napenda tu kuitazama mikono yangu ikifanya kazi.

Mwisho wa Julai ni lazima nimrudishie mswada. Nisipopunguza, nafasi yangu atapewa mwingine, na baada ya miaka saba sidhani kama nitakuwa na nguvu ya kuanza kubisha hodi upya. Wewe ndiye uliyenifundisha insha darasani kabla ya kuwa shangazi wa kunibembeleza. Nakutumia sura za mwanzo kwa basi la Kibiti. Zichukue dukani kwa Hemedy. Soma, kisha uniambie ukweli. Ila nakuomba usimwonyeshe mtu mwingine. Nilitaka kuandika kwamba si kwa aibu, lakini ni kwa aibu.

Mwanao,
Warda

*

Dunguni, Mahege, 17 Mei 2025

Warda mwanangu, marahaba. Mungu akutunze wewe na huyo mumeo anayejivunia baridi kana kwamba ameitengeneza yeye.

Mguu wa Sharifu unamwuma anapotumwa na unapona anapoitwa kula. Maji yalikuja kwa adabu mwaka huu, yakaleta rutuba yakaondoka. Mpunga umeanza kubeba, na ndege nao wamepata habari. Kwa hiyo nimehamia shambani, na barua hii naiandika juu ya dungu. Usisahau jinsi maisha ya huku yalivyo: kibanda juu ya miguu mirefu ya miti, kamba zenye makopo ya kuvuta, kombeo mkononi, na kelele tangu kunapopambazuka. Jirani yangu wa kulia ni Semeni, wa kushoto ni Faraji, mbele kidogo Chiku na mumewe. Kutwa tunaamia ndege kwa kupiga kelele, sauti zinatukauka. Mtandao hakuna, na simu yangu inakwenda kuchajiwa Kibiti ikirudi imekwisha.

Kazi yako nimeipokea na ninaisoma. Huyo Bwana Haidari mwambie alale. Soko la vivuli liache kama lilivyo, tena ukiweza liongeze. Linatufaa sana. Linalonitia wasiwasi ni sura ya nne. Pale Amal anaporuka kutoka paa hadi paa huku nyumba zinatembea, umeenda kasi mno, watu hawapumui. Weka mapumziko. Kila baada ya kurasa mbili tatu utuelezee kitu, hata paa tu, limeezekwa kwa nini na nani kaliezeka. Usiwe na haraka. Ukimaliza paa, eleza ukuta.

Nitumie sura zilizobaki. Usicheleweshe, zinasubiriwa.

Shangazi yako,
Mwamini

*

Iringa, 1 Juni 2025

Shangazi, shikamoo, na heri ya Idi inayokuja. Sisi tutachinja mbuzi mmoja kwa kushirikiana na jirani, na Salama ameshampa jina, kwa hiyo natazamia maombolezo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, kabla ya kuvua viatu. Sikutegemea. Nilijiandaa kwa wino mwekundu, wewe ukaniletea ruhusa. Nimekaa nayo wiki nzima nikiipindua. Uliposema soko "linatufaa", nilijiambia kwamba hapo ndipo penye kiini cha jambo: msomaji wa fantasia haombi kupelekwa upesi, anaomba apewe muda wa kuizoea hewa ngeni. Nimeongeza ukurasa wa mapaa katika sura ya nne, kama ulivyoshauri. Nimeeleza pia kuta. Kisha, kwa kuwa nilikuwa na moto, nikaeleza bawaba za milango.

Nimemwandikia Bwana Haidari kwamba sitapunguza. Nilimweleza kwa heshima, lakini bila kuacha upenyo, kwamba nimeshauriana na msomaji makini ambaye amenithibitishia umuhimu wa maelezo. Baada ya kuituma nilipata wasiwasi. Furaha yangu ilikuwa kubwa kuliko ushahidi nilionao. Msomaji mmoja ni msomaji mmoja, hata akiwa wewe. Nimeona pia kwamba umeandika "watu hawapumui" na "zinasubiriwa". Nimechukulia kuwa ni mazoea ya mwalimu kusema kwa niaba ya darasa.

Nakutumia sura ya nne mpya na sura zilizobaki hadi mwisho. Amal anafika kwenye lango la Kirimba, na lango linaanza kujifunga angali katikati. Niambie ni kitu gani hasa kilichokugusa katika soko. Nahitaji kukijua.

Mwanao,
Warda

*

Iringa, 29 Juni 2025

Shangazi, shikamoo.

Sina habari mpya za nyumbani, ila mbuzi aliombolezwa kisha akaliwa, na aliyemlilia ndiye aliyeomba nyongeza.

Sijapata jibu lako. Bwana Haidari amenijibu mistari mitatu: soko lisipopungua ifikapo mwisho wa Julai, atanirudishia mswada wangu, na ananitakia kila la heri. Nimejaribu simu yako bila mafanikio. Nikampigia Hemedy dukani. Ameniambia hujambo na sura ulizichukua, lakini kwamba umeshitakiwa na majirani kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nilipomwuliza kosa, akacheka mpaka salio langu likaisha.

Tafadhali niandikie.

Warda

*

Mahege, 5 Julai 2025

Warda mwanangu, marahaba, na usiogope.

Sisi ni wazima. Binti wa Semeni amepata mtoto wa kiume huko Ikwiriri, na Semeni amekwenda kumwona mjukuu akiwa na mzigo wa ufuta mkubwa kuliko mtoto mwenyewe. Kesi imekwisha. Nitakueleza yote, maana Hemedy akikueleza atatia chumvi.

Uliniomba nisimwonyeshe mtu karatasi zako. Sikumwonyesha mtu. Nilizisoma kwa sauti. Kazi yetu huku ni kupiga kelele, na kelele ya mwenye akili timamu inachosha. Kutwa "haa, haa, tokeni". Siku ya kwanza nikafikiri, kama ndege wanataka sauti tu, basi niwasomee Warda. Nikasimama juu ya dungu, nikasoma kwa sauti ile ya darasa la watoto tisini. Ndege wakaruka. Ila Semeni akaja chini ya dungu langu kuuliza Amal ni mtoto wa nani. Kesho yake akaja Chiku na mumewe. Keshokutwa Faraji, ambaye kwa kawaida hana muda na mtu.

Hapo shida ikaanza. Nikisoma maelezo, mambo huenda vizuri. Vivuli vimetundikwa hivi, vimekunjwa vile, na wao wanaona kundi linatua, mmoja anainuka, anakwenda kurusha kombeo, anarudi, hajapitwa na kitu. Lakini Amal akianza kukimbia, haondoki mtu. Kundi linatua mbele ya macho yao, wanalitazama, wanageuza shingo kwangu. Nikikatisha wananigombeza. Ndiyo maana nilikuambia uongeze mapaa na kuta. Mwanangu, nilipokuandikia vile sikuwa nikitetea fantasia. Nilikuwa nikitetea mpunga.

Kisha zikaja sura zako za mwisho, na lile lango. Nilisoma jua likiwa linateremka, saa ambayo ndege hula kwa pupa kabla ya kulala. Hakuna aliyeinua mkono, mpaka Faraji alipokurupuka karibu na mwisho, na alikuwa amechelewa. Nilipofunga karatasi, kona nzima ya shamba la Faraji ilikuwa imebaki makapi yamesimama. Alinishitaki, na alikuwa na haki.

Mwenyekiti alitukusanya. Nikakubali kosa, nikasema mimi na Sharifu tutamsaidia Faraji kuvuna mpaka mwisho, mguu upone usipone. Mwenyekiti akamwuliza Faraji kama ameridhika.

"Sina ugomvi na mwalimu," akasema. "Nauliza tu, yule mtoto alitoka?"

"Mtoto gani? Katoka wapi?" akauliza mwenyekiti.

"Pale langoni, alipobanwa. Mimi nilikimbilia shamba kabla hajamaliza."

Chiku akasema, "Mpunga wake umeliwa, yeye anaulizia mlango wa watu," na baraza likavunjika kwa kicheko. Uamuzi uliotolewa ni huu: asubuhi na jioni, wakati ndege wanapokula, nisome yale ya kutazama tu. Yale ya kukimbizana yasomwe adhuhuri, ndege wanapopumzika vichakani. Mwenyekiti naye huja hiyo adhuhuri, eti kukagua utekelezaji.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu uliandika kwamba umemkatalia mhariri kwa ushauri wangu. Niliiweka barua hiyo chini ya mkeka, nikailalia siku kadhaa. Sasa nakurudishia karatasi zako. Nimezipitia kwa kalamu nyekundu nikikumbuka kila kilichotokea: mstari pembeni ni pale watu walipoinuka kufukuza ndege, duara ni pale walipobaki wamekaa. Amua mwenyewe. Mimi si msomaji makini. Mimi ni mkulima mwenye shamba la kulinda.

Shangazi yako,
Mwamini

*

Iringa, 20 Julai 2025

Shangazi, shikamoo.

Salama ameota jino moja na ameanza kucheka upande. Ismaily ameisoma barua yako mara mbili, ya pili akiwasomea walimu wenzake chuoni, kwa hiyo sasa na mimi nimefanyiwa nilichokuomba usinifanyie.

Nisiseme kwamba sikuumia. Nilikuwa nimeshajenga nadharia nzima juu ya barua yako, nikaanza hata kuiandikia makala. Kwa siku mbili sikuzigusa karatasi. Siku ya tatu nikazifungua, kwa sababu alama zako ndizo kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho hakikutoka kichwani mwangu.

Katika soko mistari ni mingi. Waliinuka kwenye vitambaa, kwenye mizani, kwenye aina za kamba, na kwenye bawaba zangu za sura ya nne waliondoka wote. Lakini kuna duara kwenye yule mama anayenunua kivuli cha mwanawe cha utotoni, anakikunjua, anapima kimo chake kwa kiganja. Hayo ni maelezo matupu. Hakuna anayekimbia wala kubanwa. Nikasema, sasa nimeelewa: undani hushika pale panapokuwa na mtu anayekitaka hicho kinachoelezwa. Nilifurahi karibu saa nzima. Kisha nikafika kwenye duara la pili, lililo kubwa kuliko yote, kwenye wali wa nazi unaopikwa kando ya soko. Hapo hakuna anayetaka kitu, ni chungu na mvuke tu. Nikatazama pembeni nikakuta umeandika: "Saa sita, hatujala." Nadharia yangu ya pili ikafa hapo hapo.

Kisha nikajiuliza kama mtu huinuka kwa kuchoka na maelezo, au kwa sababu tu ndege wametua. Ndege hawasomi, hawachagui aya. Alama zako huenda zinapima hao ndege wenu, kweleakwelea, zaidi ya zinavyopima nathari yangu. Hata hivyo siku zimeniishia, na kati ya ushahidi mbovu na kutokuwa na ushahidi nimechagua ule mbovu. Nimefuata kalamu yako. Soko sasa lina kurasa nne. Yule mama yupo, wali upo. Bawaba zimekwenda. Bwana Haidari ameupokea mswada, amesema hatimaye anaona soko badala ya kuambiwa kuna soko. Kitabu kitatoka. Bado ana muda wa masahihisho madogo kabla ya kuchapa.

Ninapaswa kushangilia, na kwa kweli nimeshangilia, tumekula kuku. Lakini nina ombi. Mkishavuna, wakati hakuna ndege wa kufukuzwa na kila mtu mikono yake iko bure, wasomee soko hili fupi ninaloliambatanisha. Nataka kujua linasikikaje kwa watu wasio na sababu ya kuinuka.

Mwanao,
Warda

*

Mahege, 10 Agosti 2025

Warda mwanangu, marahaba, na hongera. Niliposikia kitakuwa kitabu nilimwambia Sharifu, naye akasema alijua tangu mwanzo, ingawa jina la mji bado analikosea.

Tumevuna. Shamba la Faraji tulimaliza kabla ya letu, na mguu wa mjomba wako ulipona siku tuliyofunga gunia la mwisho. Mwaka si mbaya. Nitakupelekea mchele kwa basi, upike unaonukia mchele, si huo wa kwenu.

Soko fupi nimelisoma uani kwangu, baada ya alasiri. Walikuja wote, pamoja na mwenyekiti, ambaye safari hii hakuwa na cha kukagua. Hakuna aliyeinuka. Kwa yule mama, Semeni alijifuta macho kwa ncha ya khanga, akasingizia moshi, na moto haukuwashwa. Nilipomaliza walisifu. Nikajua tumefaulu, nikaanza kukusanya karatasi.

Faraji akaniuliza, "Na yule muuza vivuli vya mbwa, mwalimu?"

Nikamwambia ameondolewa ili hadithi iende. Akauliza ameondolewa na nani. Nikasema na mwandishi mwenyewe.

"Yule aliyekuwa anapiga mluzi," akaendelea, "vivuli vinakuja mbwa wenyewe hawaji? Ameondolewa yule?"

Nikazikumbuka karatasi ndefu. Mbwa wale ni nusu ukurasa, Warda, na pembeni yao nilipiga mstari mrefu kuliko mingine, kwa sababu siku ile Faraji aliinuka mwanzoni kabisa akaenda kwenye jaruba lake la mwisho, mbali, nikawa naona kombeo lake tu likizunguka. Nikamwambia hivyo mbele ya watu. Nikamwambia, wewe Faraji hukuwepo.

"Mimi nilikwenda na miguu," akasema. "Masikio niliyaacha."

Hapo kila mtu akaanza kudai chake. Chiku anataka mizani, ile inayopima kivuli asubuhi ikakataa kukipima mchana. Mumewe anataka kamba. Watu wale wale walioinuka. Bawaba hakuna aliyezidai, hilo niseme ukweli.

Sasa mimi sijui alama zangu zilipima nini, na sijui kama nimekusaidia au nimekuharibia. Nilidhani aliyeondoka ameacha kusikiliza. Nimefundisha miaka thelathini nikiwapiga chaki watoto waliotazama dirishani. Hilo nalo limenijia uani pale, nikalisukuma, bado halijaondoka.

Shangazi yako,
Mwamini

*

Iringa, 24 Agosti 2025

Shangazi, shikamoo.

Mchele umefika. Nimeupika jana, na Ismaily amekula akiwa kimya kabisa, kwa hiyo suala la baridi ya Iringa na watu wa Mahege nadhani limefungwa kwa muda. Salama sasa anacheka wazi. Jino la pili limeota limepinda na yeye analipenda.

Hukuniharibia. Ningetaka kukuandikia kwamba sasa nimejua maelezo kiasi gani yanatosha, lakini kila nilipojua nilikosea, kwa hiyo nitakuandikia kile nilichofanya tu. Kurasa nne zimebaki takribani nne. Sikurudisha kamba wala vitambaa. Mizani niliifikiria usiku na mchana, nikampa Chiku sentensi moja. Mwombe radhi kwa ufupi wake. Huenda msomaji anayetulia kimya si yule anayepokea zaidi, na huenda aliyetazama dirishani alikuwa sokoni kuliko wote. Hilo siwezi kulithibitisha, na sitaliandikia makala.

Yule muuza vivuli vya mbwa nimemrudisha mzima, na mluzi wake. Leo Bwana Haidari amepiga simu kuuliza kwa nini nusu ukurasa uliokwisha kukatwa umefufuka wakati wa masahihisho madogo. Nilikuwa nimeandaa sababu za kitaalamu, za mwendo wa sura na za kuijenga dunia ya kubuni, na nilikuwa na shaka na kila moja. Nikamwambia kwamba kuna mtu Mahege anamwulizia.

Nikasikia karatasi zikifunuliwa upande wa pili. Kisha akaniuliza amweke ukurasa gani.

Mwanao,
Warda